Diski Niliyoikata Katikati ya Salamu

Jumamosi, Kahama. Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo wa watu, nami naona heri mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjasimuliwa sokoni kwa chumvi ya ziada.

Asubuhi nilikuwa sebuleni nikimalizia kuhariri video ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Kulwa, binti wa jirani yangu. Kulwa ameshakwenda na mumewe Geita, na leo familia yake ilikuwa ije kwangu kuitazama. Ndani yake kuna jambo lisilorudiwa: Mama Kulwa, ambaye goti limemtesa miaka mingi, aliweka fimbo yake chini akacheza na binti yake. Nakala ilikuwa moja tu, kwenye kompyuta yangu. (Wageni niliwakataza kurekodi kwa simu, kwa kuwa walikuwa wakiniziba. Kumbukeni hilo.)

Kompyuta ikagoma kuhifadhi kazi. Ninatumia Linux, na sehemu ya diski yenye mfumo ilikuwa imejaa pomoni, wakati sehemu ya video ina nafasi ya kumwaga. Dawa yake naijua. Nafundisha kompyuta chuoni. Unapunguza sehemu ya pili, unaiongezea ya kwanza. Ila kuna utaratibu. Fikirieni boma la ng'ombe, ng'ombe ndio data na uzio ndio mpaka wa sehemu: kwanza unawasogeza ng'ombe wabanane, ndipo unausogeza uzio ndani. Ukianza na uzio, ng'ombe wako wanabaki nje. Mwanafunzi akikosea hapo, simpi alama hata moja.

Nikaifunga sehemu ya video ili niwasogeze ng'ombe. Kabla sijaandika amri, hodi. Mama Kulwa, Shangazi Kabula na kina mama wengine wa ukoo wamewahi.

Salamu za kwetu Usukumani mnazijua. Hazikatishwi.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, Mama Neema. Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia mama yetu kwa Kisukuma.

Mmeamkaje? Watoto je? Mvua imefika kwenu? Mpunga umesimama? Na yule ndama aliyegoma kula? Niliulizwa, nikauliza, kwa kila mmoja na kwa zamu yake. Niliporudi kwenye kiti, nilikuwa na uhakika kamili kwamba ng'ombe nimeshawasogeza. Nikasogeza uzio.

Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, maana data zinaweza kuharibika. Nikajibu ndiyo. (Nani husoma onyo akiwa na wageni?)

Nikaifungua sehemu ya video. Ikakataa. Nikajaribu tena. Ikakataa kwa maneno yaleyale.

"Mama Neema, mbona hutuwekei video?" akauliza Shangazi Kabula.

"Video imepotea, shangazi."

"Imepotea ikaenda wapi?"

Mama Kulwa alilitazama goti lake. "Kumbe nilicheza bure," akasema taratibu. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Hakuna cha bure," Kabula akadakia. "Si tupo hapa? Inukeni. Tunacheza upya, mimi narekodi kwa simu. Au leo simu inaruhusiwa, mwalimu?"

"Inaruhusiwa."

"Na Kulwa je?" mmoja akauliza. "Kulwa yuko Geita."

Wote wakanigeukia.

Nina miaka hamsini na kidogo. Nina miwani. Wakanishushia pazia jeupe la dirishani, wakanifunika kichwani, wakanitoa uani huku vigelegele vikinifuata. Majirani wakachungulia juu ya ukuta. "Bibi harusi, inama kidogo, una aibu," Kabula akaniagiza. (Hapo sikuhitaji kuigiza.)

Mama Kulwa akanishika mkono, akaweka fimbo chini, akajaribu hatua ya kwanza. Goti likagoma. Akaketi.

"Haiwezekani," akasema. "Siku ile goti lilimwona Kulwa."

Nikasimama pale, pazia kichwani, nikijilaani, na ndipo akili yangu iliporejea kutoka kwenye salamu. Ng'ombe hawajaenda popote! Nimehamisha uzio tu, na ile ardhi niliyoikata sijampa mtu mwingine. Nikakimbilia ndani. Programu ninayotumia kugawa diski hutunza kumbukumbu ya mipaka ya zamani. Nikaurudisha uzio palepale ulipokuwa, nikafungua. Video zote zilikuwa zimelala salama.

Tukakaa, nikaiunganisha na televisheni. Mama Kulwa akasogeza kiti hadi karibu aguse kioo. Ngoma ikaanza, fimbo ikawekwa chini, na kabla hajainua mguu ikasikika sauti yangu mwenyewe, kubwa na safi, kutoka nyuma ya kamera:

"Dada, shusha simu, unaniziba. Kwangu mimi hakipotei kitu."

Kina mama wakageuka polepole kunitazama. Pazia lilikuwa bado kichwani.

Nyongeza: wiki kadhaa zimepita. Hii hapa barua niliyomtumia Kulwa, pamoja na flashi.

"Mpendwa Kulwa,

Humu mna sendofu yako yote. Nakala nyingine iko kwa mama yako, nyingine kwa shangazi yako, na nyingine nimeifungia kabatini. Mama huitazama jioni, na mnapoanza kucheza huwanyamazisha watu wote.

Mwishoni utakuta kipande cha bibi harusi mwenye miwani. Sikukiweka kwa hiari. Shangazi Kabula alisema bila hicho hapokei nakala yake. Mumeo asikione. Nawe ukitaka kucheka, chekea hukohuko Geita.

Wako, Mama Neema."