Homoni za Baharini kutoka Jeddah

Zablon alipomwona mwanamke amevaa sweta zito pale Batha, jijini Riyadh, mwezi wa Julai, saa ambayo hata paka wanagombania kivuli cha magari, hakumwonea huruma. Aliona mteja.

"Sista, unasikia baridi?"

"Kila siku," akajibu Truphena, mfanyakazi wa ndani aliyekuwa na Ijumaa yake ya kutoka. "Na usingizi. Na nanenepa hata nisipokula. Madam ananiita *kaslana*, mvivu. Amesema nikisinzia tena nikipiga pasi, ananirudisha kwa ajenti. Halas, yaani basi, nyumbani! Na mama yangu anategemea mimi."

Zablon alikuwa dereva. Bosi wake alikuwa mtu wa kwenda kliniki kila mara, na kliniki ile ilikuwa na runinga moja yenye kipindi kimoja kinachorudiwa mchana kutwa. Kwa kumsubiri bosi pale, Zablon akawa msomi. Akagusa koo lake kwa heshima zote.

"Hiyo ni tezi. Iko hapa mbele ya koo. Inatoa homoni zinazoendesha mwili mzima. Zikizidi, unakonda, unatetemeka, moyo unakimbia. Zikipungua, mwili unapoa, moyo unapiga polepole, sauti inakuwa nzito. Zako zimepungua, walai."

Mpaka hapo, ndugu msomaji, alikuwa amesema kweli tupu, tumpe haki yake. Uongo ulikuwa mfukoni: vipakiti vya "homoni za baharini kutoka Jeddah", alivyojaza mwenyewe chumbani kwake Al-Murabba, kwa chumvi ya dukani. Jeddah yenyewe alikuwa hajafika. Alikuwa amejaribu kwanza kuwauzia madereva wenzake, ila waliposikia neno tezi wakadhani ni ile ya wanaume, na kila mmoja akaapa yake ni nzima. Akahamia kwa akina dada.

Truphena akanunua. Baada ya wiki kadhaa akapiga simu.

"Daktari, dawa nimemaliza."

"Na unajisikiaje?"

"Niliitia kwenye wali. Watoto wa bosi wakaomba waongezwe."

Zablon akainuka kuhakikisha mlango wake umefungwa.

"Usiogope," Truphena akaendelea. "Nimekuletea biashara. Madam wangu anapenda madaktari kuliko dhahabu. Lakini ukianza kwa kuuza, anakufukuza. Mweleze tezi kwanza, useme damu ipimwe. Akishakuamini, atanunua hata hewa. Mimi nitakuwa mfano."

Tamaa ikamjibia. Akaazima koti jeupe kwa Eric kinyozi, akaenda.

Madam akakaa kwenye kochi. Truphena akasimama kando na sweta lake. Zablon akafungua mdomo, na Kiarabu chake cha udereva siku hiyo kikamtii ajabu.

"Madam, mgonjwa wa tezi hafanyi makusudi. Mtazame huyu. Uso umevimba, ngozi kavu, sauti kama ya mlinzi. Hasinzii kwa uvivu. Mwili wake umezimika nusu. Huyu si *kaslana*, huyu anaumwa, na hospitali kuna kidonge cha kumeza asubuhi kabla ya kula. Ila kwanza apimwe damu."

Madam akamtazama Truphena, akaona aibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, madam."

Madam akachukua abaya yake, baibui la kutokea. "Yalla, hospitali. Sasa hivi."

"Lakini madam," Zablon akasema, mkono mfukoni, "mimi pia nina homoni za..."

"Hospitali wanazo. Mungu atakulipa, daktari."

Akajikuta nje ya geti, tumboni ana kahawa kikombe kimoja na tende mbili.

Miezi miwili ikapita. Simu ikalia, na sauti ilikuwa nyepesi hata hakuitambua.

"Homoni zilikuwa chini kabisa," Truphena akasema. "Nameza vidonge. Nafanya kazi, na madam amesema nabaki."

"Nimefurahi," Zablon akasema, akashangaa kwamba ni kweli.

"Vizuri. Sasa wale wote uliowadanganya wako hapa kwenye grupu letu la simu. Kila mmoja ana madam asiyemsikia. Emmah anaumwa mgongo, Beverly jino, Velma figo."

"Mimi najua tezi tu!"

"Utasoma."

"Na nikikataa?"

"Daktari, picha nilizokupiga siku ile na koti jeupe ni nzuri sana. Ungependa polisi wazione? Ijumaa unaanza na madam wa Velma."

Simu ikakatika. Zablon akakaa kitandani, akajigusa tumbo, kisha mgongo, kisha tumbo tena, akitafuta figo zinakaa wapi.