Kinyumenyume Hadi kwa Mzee Mathenge

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Mlima haujaonekana wiki nzima. Mimi lakini moyo wangu unawaka! Abdille, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Doldol, ameingia karakanani kwangu hapa Nyeri na Landrova yake kuukuu. Nyuma yake trela. Juu ya trela, mashua. Ndani ya mashua, mbuzi. Mzungu mmoja wa Naro Moru aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia trela, na mashua akaiacha juu yake. Abdille akaona kingo zake zinawazuia mbuzi kuruka, basi hakuishusha. Akili ya namna hiyo naiheshimu.

Tatizo: trela haikubali kurudi nyuma. Nilimweleza sababu bila hata kuinama. Trela hii ina breki zake yenyewe. Gari likipunguza mwendo, trela inasukuma mbele, shingo yake inaingia ndani, mafuta yanakwenda kwenye magurudumu, inasimama. Safi. Lakini ukirudi nyuma, gari linaisukuma shingo ileile. Trela inadhani imeambiwa isimame. Inagoma kama punda.

Kingori, fundi wa injini wa banda la pili, alikuja bila kuitwa. Akasema ukitaka kurudi nyuma, chomeka kipande cha ubao pale shingoni isiweze kuingia, kisha ukimaliza kitoe. Kipande cha ubao! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamfahamisha Abdille kwamba Nyeri hii fundi wa waya ni mmoja, na yuko mbele yake. Nitatia valvu ya umeme kwenye bomba la mafuta ya breki. Ikipata umeme, inafunga. Mafuta hayapiti, magurudumu yanabaki huru.

Tumepatana hivi. Nikifaulu, Jumamosi ananiazima gari, trela na mashua nipeleke mbuzi wa mahari kwa mzee Mathenge kule Mweiga, baba yake Magdaline, mchumba wangu. Wengine huvuta mbuzi kwa kamba. Mimi wangu watafika kwa mashua! Njia ya kwa Mathenge ni nyembamba na inapanda, ua wa mikei yenye miiba huku na huku, juu hakuna pa kugeuzia. Ukiingia na trela kwa uso, hutoki. Lazima upande kinyumenyume. Hakuna aliyewahi. Nitakuwa wa kwanza.

Jumanne, 7 Agosti

Valvu imepatikana! Ilikuwa kwenye mtambo wa kunyunyizia dawa, umetupwa nyuma ya karakana tangu sijui lini. Nimeisafisha kwa mafuta ya taa, imelia tik kama saa.

Kikwazo kidogo. Landrova hii haina taa ya rivasi, ile ya kurudi nyuma, na nilikusudia kuvuta umeme kutoka hapo. Fundi mdogo angekata tamaa. Mimi nilizunguka nyuma nikatazama. Taa ya breki ipo, na ina waya. Umeme ni umeme. Nikaunga hapo.

Kwa hiyo sasa dereva akirudi nyuma anagusa breki kidogo kwa mguu. Taa inawaka, valvu inafunga, trela inarudi. Anakanyaga breki ili trela isishike breki. Jambo hili sijasikia likifanywa mahali popote. Tumejaribu hapo uwanjani, tambarare, na trela imerudi hatua kumi na mbili. Injini ilizima mara tatu, lakini imerudi! Abdille alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kingori alikuwa ameketi juu ya tairi akichonga ubao wa msaiprasi.

Alhamisi, 9 Agosti

Magdaline alikuja mjini kununua madaftari ya darasa lake. Anafundisha darasa la nne, na ana tabia ya kuuliza maswali hata mahali ambapo hapana shule. Nilimwonyesha kazi yangu. Aliitazama kwa muda mrefu. Nikajua imemgusa.

"Na ukiwa unaenda mbele, kwa mteremko, ukanyage breki?" akauliza.

Nikamjibu gari lina breki zake.

"Si ni wewe umesema trela iko na zake?"

Nilimwambia mwanamume anayekwenda kuoa hahitaji breki. Akacheka mpaka akaweka madaftari chini. Ninampenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote kilicho na waya au kisicho na waya. Kisha akaenda kwa Kingori kuutazama ule ubao. Iliniuma kidogo, lakini mwalimu lazima aone na kazi ya wanafunzi dhaifu.

Ijumaa, 10 Agosti

Fyuzi imeungua. Nyingine hakuna mjini kote. Nimeweka karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, inafanya kazi kuliko fyuzi yenyewe.

Mzee Theuri, ndugu ya marehemu baba, ndiye atakayenisemea kesho. Amekuja na habari kwamba amemwomba Kingori atusindikize, eti ana nguvu za kushika mbuzi. Nilitaka kukataa. Halafu nikafikiri: Mzee Theuri atakaa mbele pamoja nami, Kingori atakaa ndani ya mashua na mbuzi. Kila mtu kwa cheo chake. Nikakubali.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimepanda! Mwanzo hadi mwisho, kinyumenyume, mguu mmoja kwenye mafuta na breki kwa pamoja, klachi ikinuka hadi Mzee Theuri akajifunika pua kwa kofia. Mikei ilikwangua rangi pande zote mbili. Sikujali. Nyuma nilisikia akina mama wakiimba langoni, kama ilivyo desturi, wakiwa wamelifunga wasitupishe mpaka tuombe vizuri. Nilimpigia Kingori kelele aifungue kamba inayoshika mashua kwenye trela, tuishushe na mbuzi wake mara moja. Akafungua.

Kisha nyimbo zikanyamaza.

Nikashuka nikitabasamu. Mzee Mathenge alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, anatazama trela, anatazama matope na moshi, ananitazama mimi. Alizungumza taratibu.

"Mimi nimeoza wasichana watatu. Sijaona mtu akikuja kuomba mtoto wangu akinipatia mgongo."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikiri tu hapa, kwa vile hapasomwi na mtu. Wiki nzima niliwaza shingo ya trela, na sikuwaza kwamba anayerudi nyuma huwapa wakwe mgongo. Mzee Theuri alijaribu kusema kwamba ni mambo ya kisasa. Wazee wakakaa kando wakashauriana. Hukumu: faini ya kondoo dume kwa kukosa heshima, na mbuzi hawashuki hata mmoja mpaka tutoke tuingie upya tukiwa tumetanguliza uso. La sivyo, turudi nao Nyeri na maneno yaishe. Magdaline alikuwa nyuma ya mama zake. Hakuwa anacheka tena. Nisingeweza kumpoteza kwa sababu ya mgongo!

Mzee Theuri akabaki juu kuwatuliza. Mimi nikaingia garini nishuke hadi barabarani nitafute namna. Kingori akabaki ndani ya mashua na mbuzi, na ule ubao wake mkononi, eti akiba.

Mteremko. Matope ya manyunyu. Gari likaanza kukimbia. Nikakanyaga breki. Taa ikawaka, valvu ikafunga, kama nilivyoiagiza. Ilifanya kazi bila kosa! Trela ikabaki bila breki kabisa, ikanisukuma na mashua na mbuzi na Kingori. Nikazidi kukanyaga, ikazidi kunisukuma. Tukavuka barabara. Ng'ambo kuna bwawa la mzee Mathenge la kunyweshea ng'ombe. Nikakata usukani, gari likageuka likatazama tulikotoka, trela ikapita kando ikaingia majini kwa makalio.

Mashua, kwa kuwa haikuwa na kamba, ikaelea.

Mbuzi wakanyamaza wote. Kingori alisimama katikati yao akatazama huku na huku. Kisha akapiga magoti, akatumbukiza ubao wake majini, akaanza kupiga kasia. Hajawahi kupanda chombo cha maji maishani mwake. Akaja polepole, mashua imetanguliza uso, mpaka ukingoni ambapo mzee Mathenge alikuwa amefika akihema, na kijiji kizima nyuma yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Vitano, kama vya mtoto wa kiume! Navyo havikuwa vyangu.

"Hawa mbuzi wamekuja wakiniangalia," mzee alisema. "Nimewapokea. Huyu dereva ataleta kondoo yangu Jumamosi ingine."

Kisha akamwuliza Kingori kama ana mke. Kingori hana. Nilisikia jibu hilo nikiwa nimezama matopeni hadi magotini, na sijawahi kuchukia ukweli kiasi hicho.

Magdaline alinisaidia kutoa kiatu kwenye tope. Nilimwuliza kama sasa anamtaka mtu wa ubao. Akanifuta uso kwa leso yake.

"Mimi nilisema ni wewe, na sijabadilisha. Lakini Jumamosi ukuje na miguu, Hezekiah. Uvute hiyo kondoo na kamba kama watu."

Nilimwahidi.

Jumatatu, 13 Agosti

Abdille amekuja kuchukua mali yake. Alitoa konzi tatu za magugu ya bwawa ndani ya mashua.

"Fundi, toa waya yote," akasema. "Mimi nataka ile ubao ya Kingori."

Kingori amempa, na amemchongea na wa pili wa akiba. Sikubishana. Mkubwa hajibizani na mbao. Nilimwomba tu Abdille gari na trela kwa Jumamosi, mara ya mwisho, na kwa kuwa ni mtu wa huruma amekubali, mradi nisiguse waya wa breki.

Sitaugusa. Nitatumia waya wa honi. Ahadi niliyompa Magdaline ninaikumbuka, lakini nimepima: kutoka hapa hadi Mweiga kwa miguu, na kondoo, nitafika nimechafuka, na kuchafuka ni kukosa heshima. Naye atakaponiona atanisamehe. Nitapanda nikipiga honi kutoka chini hadi juu, valvu imefunga, trela ikirudi laini, na mzee atanisikia nikibisha hodi kutoka mbali.

Ule mgongo nao nimeutafutia dawa. Jana kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri, nilikuwa nikifikiri. Waya haukuwa na kosa. Valvu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kiti! Leo nimekifungua kiti cha dereva, boliti nne tu. Kufikia Jumamosi kitakuwa kimegeuzwa, nami nitapanda kinyumenyume hadi kwa mzee Mathenge nikimtazama usoni.