Kata ya Kwanza

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimefukuzwa kilabuni! Mimi, mwenye kiti changu kando ya mtungi tangu Kharumwa haina umeme. Kosa langu ni kusema kweli. Hosiana mwenye kilabu, tunayemwita pia Mama Mageni, hupika pombe ya mtama, na kabla ya kutuuzia hunywa kata ya kwanza mbele yetu. Nikamwambia huo ni ulafi, wateja makoo yanakauka. Akajibu kwamba mpishi huonja kwanza ili mnywaji ajue hakuna sumu; ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake. Akasema nitarudi siku nitakayopika ya kwangu. Watu wakacheka. Inaniuma. Bila kilabu, hadithi zangu nitamsimulia nani? Mbuzi?

Jumanne, 11 Juni
Nitapika. Nimemwomba bibi yangu siri ya upishi, akacheka mpaka akakohoa. Ati mtama uloweke, uote, uanike, usage, ndipo upike. Wiki nzima na zaidi! Wanawake wanapenda kuzungusha mambo. Nimenunua unga wa mtama mashineni. Jumamosi Abel na wachimbaji wenzake wanasherehekea dhahabu waliyoipata kwenye duara lao, shimo wanalochimba. Watanywa kwangu.

Alhamisi, 13 Juni
Nimepika. Nikatia hamira ya maandazi, pakiti nzima. Inatoa povu hadi nje ya mtungi. Nimepishana na Hosiana kisimani, nikamwonea huruma. Biashara yake ndiyo basi tena.

Jumamosi, 15 Juni
Walikuja wengi. Nikajaza vikombe. Hakuna aliyegusa. Abel akauliza mbona mpishi hajaonja. Nikasema mimi mwanamume, neno langu linatosha. Wakaweka vikombe chini. Hosiana, aliyekuja kutazama tu, akaniazima kata yake. Kubwa. Nikanywa yote. Uji mchachu wenye mchanga! Nikajitahidi kutabasamu, machozi yakanisaliti. Sherehe nzima ikahamia kwake.
Baadaye akatuma niitwe. Kiti changu kipo, ila kwanza nioshe mitungi. Nikaosha. Akaonja, tukanywa. Tamu, siwezi kukataa.

Jumapili, 16 Juni
Tumbo linanguruma. Nimetafakari sana, nikagundua kosa langu lilikuwa mtama. Mtama unapendelea wanawake. Hapa kwetu Geita mananasi yamejaa tele. Nitapika pombe ya mananasi, iive kwa siku mbili. Na wa kuonja nimeshampata. Ni Mwita, mchimbaji aliyefika juzi kutoka Tarime. Bado hajaonana na Hosiana.