Mtihani wa Shimi Chini ya Uhuru wa Pili

Jumatatu, 1 Juni 1964

Waasi wameshika mji wote sasa, toka Kavimvira mpaka bandari ya Kalundu. Posta imefungwa. Korti imefungwa. Soko limefunguliwa nusu. Darasa letu la shimi, yaani kemia, ya kaboni, semesta ya pili, halijafungwa hata dakika moja!

Profesa Hyacinthe ni mtu wa Haiti. Aliletwa chuoni baada ya Wabelgiji kukimbia, na meli ya kumrudisha haipo. Leo amefundisha aldehidi huku risasi zikilia upande wa mto Mulongwe. Alituambia tufunge madirisha, kelele zinamchanganya. Mtihani uko palepale, tarehe 15.

Hali yangu kwa ufupi. Semesta ya kwanza nilipata tano juu ya ishirini. Baba mkubwa Donatien, anayenisomesha, akatuma neno kutoka Kiringye: nikianguka tena, narudi kijijini kufukuza ndege kwenye mpunga wake. Kutwa juani, kupiga debe. Mimi Ildephonse, niliyesoma Kilatini! Siendi.

Nimepata wazo. Waasi wanachukia mambo ya wakoloni. Shimi ni mambo ya wakoloni. Kesho naenda kwa komanda.

Jumanne, 2 Juni

Nimeonana na Komanda Nyandwi. Ngozi ya chui kichwani, miwani ya jua. Walinzi wake walisimama mbali nami. Walionyunyiziwa dawa ya vita hawaruhusiwi kumgusa mtu asiye na dawa. Wakimgusa, dawa inaharibika na risasi inaingia. Kwa hiyo hakuna aliyenipekua. Nimeupenda mwiko huo.

Nikamweleza kwamba shimi yote iliandikwa na Wazungu. Kwamba inawamalizia vijana nguvu za mapinduzi. Kwamba ingefaa ipigwe marufuku, hasa kabla ya tarehe 15. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza: “Na weye, kijana, iko unaelewa hiyo shimi?” Nikasema kidogo. Akashusha pumzi. Akanisimulia kwamba mapadri walimfukuza shule kabla darasa lake halijafika kwenye shimi, na kwamba uchungu ule ndio uliomwingiza msituni. “Tunapigania uhuru wa pili ili bantu basome,” akasema. Mtihani utafanyika. Yeye mwenyewe ataanza kuhudhuria darasani. Mwanafunzi asiyekuja atafuatwa nyumbani.

Nimeruka mkojo nikakanyaga mavi.

Alhamisi, 4 Juni

Komanda yuko safu ya mbele. Bunduki mezani, kalamu sikioni. Wenzangu wote wamejua ni nani aliyemwalika, maana Antoine amewaambia. Antoine ni mwenzangu wa chumba. Ananoa penseli zake kila jioni na kulala juu ya manoti yake ili nisiyasome. Hakuna anayenisalimia tena.

Profesa alifanya jaribio. Alichukua nitrati ya fedha, ambayo haina rangi kama maji ya kunywa. Akatia amonia. Akatia aldehidi, akapasha moto polepole. Ndani ya neli ikajitandaza fedha, inang’aa kama kioo cha kinyozi! Komanda akajiona masharubu. Akasimama. Akaomba jaribio lirudiwe. Likarudiwa. Profesa akasema ketoni haiwezi kufanya hivyo. Au ketoni ndiyo inayofanya na aldehidi haiwezi. Sikushika vizuri, nilikuwa naitazama bunduki.

Jumamosi, 6 Juni

Mpango wa pili ulikuwa Antoine. Nilimnong’oneza mlinzi mmoja kwamba Antoine ni bwanyenye, ana jozi mbili za viatu. Sikumtakia mabaya. Nilitaka waondoke naye kwa maswali machache, manoti yabaki kitandani.

Waliondoka naye. Na manoti. Jioni akarudi na kuku! Komanda alikuwa anatafuta mtu wa kumfafanulia esta, akakuta mwandiko safi na vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu. Sasa wanasoma pamoja kila alasiri, na manoti yanalindwa na watu wenye mikuki. Kuku amemla peke yake. Mimi nimepewa mchuzi. Nimeumia sana, na si kwa ajili ya kuku tu.

Jumatano, 10 Juni

Nimejaribu kusoma. Kurasa nne. Kaboni ina mikono minne na yote inataka kushika kitu. Nikalala.

Ijumaa, 12 Juni

Wokovu! Leo Profesa ametukaripia tusijimwagie nitrati ya fedha. Mwanzoni haionekani, alisema, lakini jua likiipiga ngozi inageuka nyeusi. Akatuonyesha kidole chake. Wenzangu wakarudi nyuma. Mimi nikasogea mbele.

Mpango ndio huu. Ninaandika majibu yote kwenye mkono wa kushoto kwa nitrati. Ninaingia na mkono safi. Ninakaa dirishani, napandisha mkono wa shati kidogo kidogo, jua linanisomea. Walinzi hawawezi kunigusa kwa sababu ya mwiko wao. Hata nikiutafuta ubaya wa mpango huu siuoni. Nimeshachota kiasi kwenye kichupa cha wino, Profesa akiwa anafuta ubao.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa nilifunga dirisha na kuandika kwa unyoya wa yule kuku. Kuandika usichokiona ni kazi ngumu. Nimenakili kutoka kwenye daftari langu mwenyewe, kwa kukosa la mwingine. Aldehidi, ketoni, esta, amini, toka juu ya kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Antoine akauliza mbona giza. Nikasema macho yananiuma. Akapiga magoti akaniombea. Mnafiki!

Jumatatu, 15 Juni

Mtihani umefanyika.

Walitupanga uani kabla ya kuingia. Jua kali, hakuna hata wingu upande wa milimani. Mlinzi mkuu akatangaza: kwa kuwa wao hawawezi kutugusa, kila mmoja ajipekue mwenyewe. Shati lipandishwe mpaka begani, mikono mbele, wazi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikapandisha. Mkono ulikuwa safi kama wa mtoto, na mlinzi akanipita. Lakini Profesa alikuwa bado anatafuta chaki, na bila chaki mtihani hauanzi, na sisi tukabaki juani mikono mbele.

Mlinzi aliporudi, alisimama kwangu. Rangi ya kahawia ilikuwa inatoka. Halafu nyeusi. Herufi moja, nyingine, mstari mzima, unajiandika wenyewe mbele ya macho yake. “Hii iko dawa ya nani?” akapiga kelele. Wenzake wakaruka nyuma. Mmoja akapanda ukuta. Mwingine akanielekezea bunduki, na nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliogopa kufa. Nilimwita mama yangu kwa jina lake la nyumbani. Kilichoniokoa ni kwamba walibishana. Mmoja alisema wapige. Mwingine alisema dawa ngeni hurudisha risasi kwa aliyeipiga.

Komanda akafika. Akainama, akatazama, akacheka mpaka ngozi ya chui ikamwangukia machoni. Akawaeleza watu wake nitrati ni nini na mwanga unaifanya nini, taratibu, kwa sauti ya Profesa kabisa. Walimtazama kama mtume. Kisha akachukua kijiti ili asiniguse, akaifuata mistari yangu mmoja baada ya mwingine. Karibu na kiwiko kijiti kikasimama. “Ketoni haitoi kioo, weye. Iko aldehidi.”

Profesa naye akaja, akavaa miwani, akasoma mkono wote. Akasema kwa Kifaransa niruhusiwe kuingia hivyohivyo, mkono wazi, kwani yaliyoandikwa pale yatanidhuru kuliko adhabu yoyote aliyonayo. Antoine akaitafsiri kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, bila kuombwa na mtu. Wote uani wakacheka.

Swali la kwanza lilikuwa: ni ipi inayotoa kioo cha fedha? Komanda amesema aldehidi. Mkono unasema ketoni. Nikapima. Yeye ana wiki mbili za shimi. Mimi nina mwaka mzima. Nikaandika ketoni.

Jumamosi, 20 Juni

Matokeo yamebandikwa mlangoni. Antoine kumi na saba. Komanda kumi na nne, akapiga risasi hewani kwa furaha, Profesa akamsihi asirudie karibu na chupa za maabara. Mimi nne. Pungufu ya mara ya kwanza.

Profesa anasema kuna kikao cha pili cha mtihani mwezi wa tisa kwa walioanguka. Walioanguka ni mimi. Mkono bado mweusi. Nimesugua kwa majivu, kwa limau, kwa mchanga wa ziwa, umekataa. Na baba mkubwa ameshapata habari. Sijui zilipitaje barabara yenye vizuizi vyote vile. Kesho naondoka kwa miguu.

Alhamisi, 25 Juni, Kiringye

Nililia kidogo njiani, nilipopita Sange, ambako hakuna anayenijua.

Baba mkubwa alinipokea vizuri. Aliutazama mkono, akauliza kama hiyo ndiyo diploma. Kisha akanipa debe na fimbo. Ndege wanakuja kwa maelfu. Wanalizoea debe kabla ya saa nne.

Lakini Agathe, jirani wa shamba la pili, amenipa habari ya maana sana. Kuna mpwa wake aliyelazwa hospitali ya Lemera kwa kifua, na shule ikampa alama zake bila mtihani, kwa huruma. Bila mtihani! Mwezi wa tisa bado uko mbali, kifua kinaweza kuharibika vya kutosha. Nimeanza kukohoa leo asubuhi. Kikohozi kirefu, cha kutoka tumboni, kinachomalizika kwa mlio.

Ndege wote wakaruka kwa pamoja! Nikakohoa tena. Hakubaki hata mmoja, wamehamia kwa Agathe. Baba mkubwa akaja mbio kutoka ng’ambo ya mfereji. Nilidhani ataita watu wa machela. Akanishika mabega, macho yamemlowa, akasema siku zote alijua Mungu amenipa kipaji, ila hakujua ni kipi. Debe amelirudisha jikoni. Kazi ni yangu mpaka mavuno, na msimu ujao pia.

Kesho nabadilisha ugonjwa.