Jinsi Lavelle Stokes Alivyobadilishwa Kabla ya Kambale wa Mwisho

Jongeeni, enyi mlioketi kwenye viti vya kinyozi nanyi mnaongoja zamu! Zimeni redio, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika ukumbi ulio chini ya kanisa letu hapa Gary, Indiana, vita visivyomwaga damu ila mafuta ya kukaangia. Nawe kalamu, usiniangushe leo, kwani wahusika wote wangali hai na wananyolewa hapahapa.

Zilikuwa zama za aibu. Timu ya Kinyozi Pinkston, katika ligi ya mpira wa kikapu ya waliotimiza miaka arobaini, ilikuwa imefungwa msimu mzima. Ilifungwa hata na timu ya wazika maiti, watu waliozoea kwenda polepole. Ndipo Kapteni Cleotha Pinkston, Mshika Mkasi, Bwana wa Viti Vitatu, alipong'amua kwamba ufalme haujengwi upya kwa kuomboleza. Sharti atoe mtu wa thamani ilhali thamani ingalipo, apate damu changa. Na mwenye thamani alikuwa mmoja tu: Lavelle Stokes, Ngome ya Ubaoni, mwenye viwiko vya chuma na magoti ya udongo, naye, ole wake Cleotha, ni mume wa dada yake.

Katika ligi yetu wachezaji hubadilishwa Ijumaa ya samaki peke yake, mara moja kwa mwaka kanisa likikaanga kambale, kwa makapteni kupeana mikono, kabla kipande cha mwisho cha kambale hakijatolewa kwenye mafuta. Kikishatoka, mlango umefungwa hadi mwakani.

Basi Cleotha akakatiza ukumbi, sahani mkononi kama ngao, akamkabili Ozell Grady, Jemadari wa Gereji ya Matairi.

"Nakupa Lavelle. Nipe Rodell wenu, aliyetimiza arobaini juzi tu."

"Lavelle, yule babu? Akiruka, hata karatasi haipiti chini ya viatu vyake!"

"Babu ndiyo. Nani kwenu amewahi kumpokonya mpira?"

Ozell akajishika ubavu, akakumbuka, akakubali. Lakini Cleotha hakuunyoosha mkono. Kufungwa alishakuzoea, kumpoteza shemeji yake hakukuweza. Akaenda kwanza mezani kwa Lavelle.

"Shemeji, nataka kukubadilisha."

Lavelle akaweka uma chini.

"Mimi? Niliyeibeba timu hii mgongoni? Unanitupa, Cleotha?"

"Sikutupi. Ukibaki tutazeeka pamoja, tukifungwa pamoja, mpaka tufe. Nataka tuanze upya, na katika timu yetu ni wewe tu mwenye thamani ya kutununulia mwanzo huo."

Macho yalikuwa yamemlowa Lavelle, na hakuyaficha.

"Umepewa nani?"

"Rodell."

"Rodell na nani?"

"Rodell tu."

"*Tu?*" Ngome ikainuka, kiti kikaanguka. "Wewe una wazimu! Mimi ni wa kubadilishwa na mtu mmoja kama tairi kuukuu? Sogea huko!"

Akamwendea Ozell, akasimama mbele yake, akaziba taa.

"Sikiliza, wewe. Unamtoa Rodell, na mwakani wakija wachezaji wapya, kinyozi anachagua kwanza, siyo nyinyi. La sivyo sihami."

"Lakini Lavelle, wewe si unakuja kwetu? Unaibomoa timu yako mwenyewe!"

"Kesho nitakuwa wako. Leo bado ni wa kinyozi."

Hapo Mama Odessa, Malkia wa Karai, akapaza sauti iliyotikisa madirisha: "Nyie wazee! Kipande cha mwisho ndicho hiki, kimeshakuwa chekundu! Mnaamua, au nikiunguze kwa ajili ya magoti yenu?"

Ozell akatazama karai, akatazama viwiko vya Lavelle, akaunyoosha mkono. Cleotha akaudaka kwa mikono yake miwili. Kambale akatoka.

Ukumbi ukalipuka. Wanaume wazima wakapanda juu ya viti, akina mama wakapunga vitambaa, na Cleotha akamkumbatia shemeji yake, akalia begani pake bila haya.

"Basi, basi," Lavelle akasema, akimpigapiga mgongo. "Jumapili njoo ule kwa dada yako kama kawaida. Ila yeye bado hajui. Utamwambia wewe."

Naam, wana wa Gary, siku ile iwekwe katika tarehe za mataifa! Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka, na hatukuwa tumeshinda hata mechi moja.