Akipinduka Tu, Mwisho

Sisi watu wa Goba tunakaa mlimani, na bahari tunaijua kwa samaki wa kukaanga tu. Lakini Jumamosi hiyo redio ya Suhaib, muuza kahawa wa kijiwe chetu, ilipotangaza kwamba watoto wa miaka saba, minane, wanashindana kuendesha vimashua vya tanga kule Kunduchi, kila mtu aligeuka nahodha.

"Kila mtoto na chombo chake, peke yake?" alimaka Nikodemu, karani mstaafu wa mahakama. Tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa. "Mjukuu wangu ana miaka minane, kamba za viatu anafungiwa!"

"Ndo maana watoto wenu malegelege," Suhaib akajibu huku akisuuza vikombe. Yeye kazaliwa Mbweni, basi anaiona bahari kama shamba la babu yake. "Sie tulikuwaga tunatupwa majini. Ukirudi, ushajua kuogelea."

"Na asiyerudi?"

"Huyo hatukupata kumuuliza."

Tulicheka wote isipokuwa Alfonsi. Huyu ndiye Breki, kwa maana hakuna jambo asilolisimamisha: safari, harusi, hata mchango wa benchi jipya. Siku hiyo alikuwa kaikumbatia simu kwa mikono miwili.

"Oya Breki, vipi, mbona kimya?" nikamchokoza.

"Flaviana wangu yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye hayo mashindano. Shule yao imepewa nafasi, mama yake Avelina ndo kampeleka. Nimemwambia, sawa, nendeni. Ila akipinduka tu, mwisho. Hagusi tena maji, labda ya kuoga."

Hapo hakuna aliyetania. Sote tunajua kwamba kaka yake Breki alichukuliwa na Ziwa Nyasa wangali watoto, na mtumbwi ukarudi ufukweni bila mtu. Hata mie, mwenye mdomo usio na likizo, niliinamia kikombe changu.

Mara simu ikaita. Avelina anapiga, tena kwa video. Tukamvamia Breki, vichwa vinne kioo kimoja.

"Yule wa jaketi la njano!" Breki akaonyesha kwa kidole. Kimashua chenyewe kidogo, utadhani beseni la kufulia.

"Mbona anakwenda pembeni?" Wakili akaja juu. "Boya la kuzunguka si lile kule mbele? Kapotea huyo! Anakwenda Zanzibar bila tiketi!"

"Tulia, mzee. Upepo unatokea hukohuko mbele," Suhaib akasema. "Tanga haliendi uso kwa uso na upepo. Anakata huku, anarudi anakata kule."

"Kama tunavyoupanda huu mlima na ndoo kichwani," Breki akasema taratibu.

"Enhee! Ukiupanda wima, maji yote chini."

Breki akatabasamu. "Hiyo nimemfundisha mie."

Hakuwahi hata kulifaidi hilo tabasamu. Upepo ulipiga, kimashua kikalala ubavu, tanga likaanguka majini, na Flaviana haonekani.

"Mwanangu!" Breki aliruka, kahawa yote ikaishia kwenye kanzu ya Suhaib. "Avelina! Mtoto! Mtoto!"

Sijapata kuisikia sauti ile kwa mtu mzima, na sitamani kuisikia tena. Kisha jaketi la njano likaibuka. Mtoto akazunguka kimashua, akadaka ubao unaochomoza chini yake, akaupanda, akajiegemeza kwa uzito wake wote kama anayeng'oa muhogo. Tanga likainuka likichuruzika maji. Akajitupa ndani, huyoo, akaendelea na safari.

Breki alikaa chini. "Kapinduka. Na mie nilishasema, mwisho."

"Pingamizi!" Wakili akasimama. "Kupinduka ni kubaki chini juu. Huyu kaegama tu!"

"Kichwa kilizama, Wakili!"

"Hata saluni ukioshwa nywele kinazama!"

"Iliyozama ni kanzu yangu," Suhaib akalalamika, "na haina hata jaketi."

Wakati bado wanabishana, Flaviana mwenyewe akatokea kwenye kioo, ameloa chapachapa.

"Baba, shikamoo! Umeniona? Nimekuwa wa mwisho!"

"Marahaba. Nimekuona umepinduka."

"Ndiyo! Kocha kasema nimepinduka vizuri kuliko wote! Ndo somo la kwanza hilo, baba. Wanakupindua makusudi mpaka uache kuogopa. Nirudi Jumamosi ijayo?"

Breki aliisogeza simu karibu na uso. Akafuta macho, akausingizia moshi wa jiko la Suhaib.

"Rudi, mama," akasema.

Kijiwe kikalipuka. Wakili akapeana mikono na kila mtu, hata na wapita njia, kwamba kashinda kesi.

"Asante, baba! Na kocha kasema hata wazazi wanafundishwa. Nimeshakuandikisha! Jumamosi unapinduliwa wewe!"

"Haloo?" Breki akaitikisa simu. "Haloo, mama? Sikusikii! Mtandao wa huku Goba bwana..."

"Mie nakusikia vizuri, baba."

"Haloo?"

Akakata, akaizima kabisa, akaitia mfukoni. Tuliinua macho pamoja kuutazama mnara wa simu uliosimama nyuma ya benchi letu, ule ambao kivuli chake ndicho tunachokalia kila siku.