Salamu za Ruta Mbili

Jumatatu, 15 Julai 2013. Masisi.
Heshima yangu inaanza leo! Mama Kavugho, mwenye duka, ameniita mimi fundi wake mbele ya wateja. Bwana yake, Papa Maurice, amekwama kwenye depo yao ya Walikale, barabara imefungwa, wenye bunduki hawapitishi muntu. Na binti yao Mbambu amezaa! Ubatizo ni Jumapili. Katika hii familia babu njo anachagua jina la ubatizo, tena akimuona mutoto usoni. Mama amesema fundi atakayemuonyesha Papa Maurice ule uso kwa kompyuta atakuwa parrain, baba wa ubatizo wa mutoto. Parrain! Kiti cha mbele, paja la mbuzi, koti jipya! Antena za milimani zinaonana tayari. Imebaki tu visanduku viwili vya mtandao, ruta yangu nyeupe ya hapa na ruta nyeusi ya Walikale zipatane njia. Kampuni tofauti, lakini lugha moja. Kazi ya kabla ya chai.
Shida ni moja tu: fundi wa kule ni Lévi, mushindani wangu.

Jumanne, 16 Julai.
Hazipatani. Nyeupe inaita, nyeusi haijibu. Nimemwambia Mama Kavugho, kwa upole kabisa, kwamba ruta nyeusi ni ya kutupa. Akanijibu kwamba Lévi ametuma neno asubuhi: ruta nyeupe ni ya kutupa. Asubuhi! Kabla yangu! Huyu muntu hana haya. Simu hakuna tangu mnara ufe, kwa hiyo maneno yetu yote yanapita kwa dada Emérita wa phonie, ile redio ya parokia ya kuitana mbali. Naye ana tabia ya kucheka kabla ya kusoma.

Jumatano, 17 Julai.
NIMEPATA! Kila ruta inamusalimia jirani ili ijulikane iko hai. Yangu inasalimu kila sekunde kumi. Ile ya Lévi, vile ilitoka kwa kampuni yake, kila sekunde thelathini. Mwendo wa salamu usipolingana, ujirani hakuna. Hata mimi nisingekubali!
Ningemwambia Lévi abadilishe yake, lakini angejisifu mpaka kule mbali Omate. Nimebadilisha yangu, thelathini, kimyakimya. Halafu mbio kwa Emérita, nikamwambia nimebadilisha, nikamwomba asimwambie Lévi. Akaanza kusema kitu, nikamkatiza, nikamkumbusha siri ya kazi. Akafunga mudomo, machozi yakamtoka. Sijui kwa nini.
Nikarudi dukani. Bado hazipatani!

Alhamisi, 18 Julai.
Nimechungulia salamu za ile nyeusi. Zinakuja kila sekunde kumi. Mwizi! Amebadilisha yake bila kuniambia! Ni muntu gani anafanya kazi kwa siri namna hii? Basi na mimi nimerudisha kumi. Nimemwambia Emérita: hata nusu neno. Aliomba atoke nje apate hewa.
Muchana nimechungulia tena. Lévi amerudi thelathini.
Mama Kavugho ameniletea chai bila sukari.

Ijumaa, 19 Julai.
Nimeamua: thelathini, na safari hii siondoki hapo. Nimeandika nusu ya amri, grupe ya umeme ikakohoa, ikafa. Mafuta yamekwama njiani, kule Bihambwe. Nikaipiga teke. Kidole kimevimba kama kiazi.
Jioni Mama amepata mafuta kidogo kwa jirani. Nikawasha ruta, bado iko kumi, kabla sijagusa kitu... Zimepatana! Nyeupe na nyeusi, majirani! Lévi alikuwa amerudi kumi tena, na mimi kwa bahati sikuweza kuondoka. Nimecheza duka zima kwa muguu mumoja!

Jumamosi, 20 Julai.
Kwenye kioo cha kompyuta lilitokea kwanza paji la uso, halafu Papa Maurice muzima. Mbambu akamuinua mutoto. Yule muzee aliweka mukono kwenye kioo, akauacha pale. Nimelia, sioni aibu kuandika. Akasema jina atalitaja kesho kabla ya misa, watu wote wakisikia. Mama Kavugho akanipimia koti.
Furaha tupu! Ila kitu kimoja kinanichoma. Ile kumi ya mwisho ni Lévi aliirudia. Yaani nitakuwa parrain kwa namba ya Lévi? Hapana. Nimeweka ishirini. Iko katikati, haki kwa wote.

Jumapili, 21 Julai.
Kioo cheusi. Nikarudi kumi, mbio, jasho linatiririka. Kumbe Lévi ameshaiona ishirini yangu na ameifuata! Nikarudi ishirini. Naye ameshakimbilia kumi. Kengele ya misa ikalia.
Mama Kavugho hakunigombeza, na hiyo njo iliniumiza zaidi. Alimbeba mutoto mpaka kwa phonie. Leo babu hakumuona. Aliomba tu amsikie akilia. Mbambu akamfinya kidogo, mutoto akalia, na kule Walikale Papa Maurice akamsikia. Halafu akasema mutoto aitwe Emérita, na huyo Emérita awe marraine, mama wa ubatizo, parrain hakuna, kwa sababu wiki nzima ni yeye pekee aliyefikisha neno. Koti limerudi dukani. Paja la mbuzi nililiona likipita.
Baada ya misa Emérita akaniketisha kwa phonie, akamuita Lévi, akatuapisha wote wawili: kumi, na asiguse muntu. Kesho asubuhi babu amuone mutoto tena. Lévi ameapa. Mimi nimeapa. Tumeitana hata kaka.
Lakini mimi namjua Lévi! Hawezi kuvumilia. Saa hii ameshaweka thelathini. Nimeona bora nimfuate: nimeweka thelathini. Nimekimbia kwa Emérita kumwomba asimwambie. Akaanza kusema, “Lakini Lévi naye...”, nikamkatiza.